Orodha ya Vyuo Ianze Kuandikwa Kutoka Chini

Kila vuli, watoto wa darasa la 12 wanapoanza kujaza maombi ya vyuo hapa Minnesota, wazazi wenzangu kutoka Afrika Mashariki hunijia na swali lile lile: mtoto anapenda uhandisi, alama zake nzuri, je, atapata MIT, kile chuo maarufu cha teknolojia karibu na Boston? Ni swali linalotoka moyoni na silibezi. Ila kuna swali jingine ambalo ningependa litangulie. Vyuo vyote vyenye majina vikimkataa, mwakani mwanao atakuwa ameketi kwenye darasa gani la uhandisi, na karo italipwa na nani? Familia yenye jibu la swali hilo hulala usingizi. Isiyo nalo hukesha Machi nzima ikisubiri barua pepe.

MIT hukubali watu wasiofika 5 katika kila 100 wanaoomba, na wengi wanaokataliwa walikuwa wakiongoza shuleni kwao. Chuo cha namna hiyo hakihitaji utafiti mrefu. Ukiwa na sifa unaomba, kisha unamwachia Mungu. Kinachohitaji miezi ya kuuliza, kupiga hesabu na kufunga safari ni kile chuo cha chini kabisa kwenye orodha, ambacho watu wengi hukiandika dakika ya mwisho ili nafasi isibaki wazi.

Nimeyapitia haya na kifungua mimba wangu, nimewasaidia watoto wa majirani, na mwaka huu niko na mpwa wangu, binti wa kaka yangu, anayetaka uhandisi wa umeme. Baba yake anafanya zamu ya usiku ghalani, mama yake zamu ya usiku hospitalini, kwa hiyo karatasi zote zimehamia mezani kwangu.

Vyuo tunavigawa mafungu matatu. Vya ndoto ni vile ambavyo hata mwanafunzi bora hawezi kuvitegemea. Vya saizi yake ni vile ambavyo alama zake ziko katikati ya alama za waliokubaliwa, na nafasi ya kupata inakaribiana na ya kukosa au inaizidi kidogo. Vya uhakika ni vile ambavyo tukituma maombi tunajua jibu kabla halijaja. Kwa mtoto anayetaka kusoma historia au biashara, mgawo huo unaweza kutosha. Kwa anayetaka uhandisi hautoshi, kwa sababu chuo kinaweza kumkubali mtoto huku idara anayoitaka ikimfungia mlango.

Jambo hili halielezwi vya kutosha, kwa hiyo nitakaa nalo. Texas A&M, kwa mfano, ni miongoni mwa vyuo vikubwa kabisa vya uhandisi nchini. Mwanafunzi akikubaliwa huko haingii moja kwa moja uhandisi wa umeme au wa mitambo. Mwaka wa kwanza wote wanakuwa wanafunzi wa uhandisi wa jumla, kisha wanaomba upya kuingia idara. Kwa miaka ya karibuni, anayehakikishiwa idara ya chaguo lake la kwanza ni yule aliyefikisha GPA, yaani wastani wa alama ambao kilele chake ni 4, ya 3.75, na wengine wote wanashindania nafasi zilizobaki. Sasa fikiria mtoto wa miaka 18, mbali na nyumbani kwa mara ya kwanza, anasoma kalkulasi, fizikia na kemia kwa mkupuo, na B mbili zinaweza kumwondoa kwenye fani iliyomfanya aende Texas. Purdue nayo huwaanzisha wote katika mwaka wa kwanza wa pamoja kabla ya kugawana idara. Chuo Kikuu cha Minnesota, kampasi ya Minneapolis, huwaingiza wanafunzi katika skuli ya sayansi na uhandisi, nao huomba idara baada ya kumaliza masomo ya msingi. Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle kinaonya waziwazi kwamba aliyeingia chuoni bila kupewa sayansi ya kompyuta tangu mwanzo asijenge matumaini ya kuhamia huko baadaye.

Sisemi utaratibu huu ni mbaya. Mwaka wa pamoja unamsaidia mtoto asiyejua tofauti ya uhandisi wa viwanda na wa mitambo. Ninachosema ni kwamba chuo chenye mlango wa pili wa namna hiyo hakiwezi kuitwa cha uhakika kwa mtoto ambaye moyo wake uko kwenye fani moja inayogombewa. Kijana mmoja wa jirani zetu alikubaliwa chuo kikuu cha jimbo jingine, familia ikachinja mbuzi, na ni baada ya kulipa amana ndipo waliposoma vizuri barua na kuona ameingizwa kitengo cha wasio na fani. Alihitimu, tena vizuri, lakini si katika uhandisi. Barua haikuwa imeficha kitu. Hakuna aliyekuwa amewaambia watazame mstari upi.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalomwandikia mpwa wangu kwenye daftari, mbele ya jina la kila chuo, ni hili: unaingia idarani lini, na kwa masharti gani? Jibu hupatikana kwenye tovuti ya skuli ya uhandisi yenyewe, si ile ya chuo kizima. Likikosekana, piga simu. Ofisi za udahili za vyuo vya umma hapa hujibu simu, na zinajibu vizuri zaidi akipiga mtoto mwenyewe.

Swali la pili ni pesa, na kwa familia zetu hapa ndipo neno uhakika hupata maana. Chuo kilichomkubali mtoto kwa bei tusiyoiweza kimemkataa, isipokuwa kimefanya hivyo kwa adabu.

Sisi wa Minnesota tumebarikiwa kwa hili kuliko wengi wanavyojua. Tangu vuli ya 2024 kuna mpango wa jimbo uitwao North Star Promise: mkazi wa Minnesota ambaye kipato cha familia yake hakifiki dola 80,000 kwa mwaka anasoma chuo cha umma cha jimbo bila kulipa karo. Chakula na malazi vinabaki juu yenu, lakini karo inaondoka. Kisha kuna makubaliano ya majirani: mtoto wa Minnesota akienda chuo cha umma cha Wisconsin, North Dakota au South Dakota, hatozwi ile karo kubwa ya wageni. Ndiyo maana chuo cha North Dakota State kilichoko Fargo kimejaa watoto wa kwetu huku, na ndiyo maana kiko kwenye orodha ya mpwa wangu. Hata hivyo North Star haivuki mpaka. Kwa familia yenye kipato kidogo, Duluth, kampasi ya Chuo Kikuu cha Minnesota iliyo kaskazini mwa jimbo, inaweza kuwa rahisi kuliko Fargo, na kwa yenye kipato cha kati huenda ikawa kinyume. Lazima mpige hesabu yenu wenyewe.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Tangu 2011 sheria ya shirikisho inavitaka vyuo vinavyopokea pesa za misaada ya serikali viweke kwenye tovuti zao kikokotoo cha bei halisi. Unaingiza kipato, idadi ya watu nyumbani na mali mliyo nayo, nacho kinakupa makadirio ya mtakacholipa baada ya misaada. Kaa na mwanao mfanye pamoja, kwa kila chuo, kabla hajaanza kukipenda. Nimeona vyuo vya binafsi vyenye bei ya kutisha vikishuka chini ya chuo cha jimbo jirani, na nimeona vyuo vya umma vya majimbo ya mbali visivyoshuka hata kidogo. Purdue haijapandisha karo tangu 2013, jambo la kupongezwa: mkazi wa Indiana hulipa dola 9,992 kwa mwaka. Asiye mkazi hulipa dola 28,794, kabla ya chumba na chakula. Chuo kile kile, darasa lile lile, bei karibu mara tatu.

Waliokuja kwa bahati nasibu ya viza, wakimbizi waliopokelewa na wenye ukaazi wa kudumu, wote hawa wana haki ya kujaza FAFSA, fomu ya shirikisho ya kuomba misaada ya masomo, sawa na raia. Nasisitiza kwa sababu bado nakutana na wazazi wanaodhani fomu hiyo ni ya waliozaliwa hapa. Ijazeni. Na kama mmehamia jimboni karibuni, ulizeni masharti ya ukaazi mapema. Mara nyingi linatakiwa walau mwaka mzima wa kuishi jimboni kabla mtoto hajahesabiwa mkazi kwa ajili ya karo.

Kuna ndugu wanaonisoma kutoka Mombasa, Arusha na Bujumbura, ambao watoto wao wataomba kutoka nyumbani. Kwenu ninyi hesabu ni tofauti kabisa. Ni vyuo vichache sana vya Marekani, MIT ikiwemo, ambavyo humpima mgeni bila kutazama uwezo wake wa kulipa na kisha kumpa chote anachohitaji. Tangu vuli ya 2025, MIT haitozi karo familia yenye kipato cha chini ya dola 200,000 na mali ya kawaida. Kwa hiyo chuo kigumu kuliko vyote kuingia ndicho kinachoweza kuwa cha bei ndogo kuliko vyote, na ukikikosa unaanguka kwenye vyuo vinavyotaka uonyeshe benki makumi ya maelfu ya dola kabla ya kupata hati za viza. Kwa mtoto aliyeko nyumbani, chuo cha uhakika kiko nyumbani. Nairobi, Jomo Kenyatta, Dar es Salaam: andika jina hilo kwanza, lijazie fomu kwa uangalifu ule ule, usilitumie kama karatasi ya kufungia. Wahenga wa pwani walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Na huko nako ulizeni ithibati, kwa maana Bodi ya Wahandisi ya Kenya hukagua programu moja moja, na wapo wahitimu waliohangaika kwa sababu shahada yao haikutambuliwa.

Hapa Marekani kazi hiyo hufanywa na ABET, shirika lililoanza 1932. Nalo pia haliidhinishi chuo kizima. Linaidhinisha uhandisi wa ujenzi peke yake, wa umeme peke yake, wa kemia peke yake. Anayetaka siku moja kuweka sahihi kwenye michoro ya daraja au ya mtambo wa umeme atahitaji leseni ya jimbo, na njia nyepesi ya kuifikia ni shahada yenye ithibati hiyo, mtihani wa msingi uitwao FE, miaka ya kazi chini ya mhandisi mwenye leseni, kisha mtihani wa mwisho. Tazama pia kama shahada ni ya uhandisi au ya teknolojia ya uhandisi. Zote zina kazi na heshima yake, lakini si kitu kimoja, na majimbo mengine humtaka mwenye ile ya pili afanye kazi miaka mingi zaidi kabla ya leseni, au hayampi kabisa.

Ithibati hii ndiyo inayonipa ujasiri wa kuzitetea Fargo na Duluth mbele ya watu. Tena vyuo vingi vya namna hii vina asili moja: Sheria ya Morrill ya 1862, iliyotiwa saini na Abraham Lincoln, iliyapa majimbo ardhi ya serikali yaiuze yapate fedha za kusimamisha vyuo vya kilimo na ufundi wa mitambo. Purdue, Iowa State, Texas A&M, Minnesota na North Dakota State vyote vimepitia sheria hiyo, hata MIT. Ya pili, ya 1890, ikafungua njia kwa vyuo vya Waamerika weusi kama North Carolina A&T, chuo kinachojulikana nchi nzima kwa wahandisi weusi kinaowatoa, na ambacho wazazi wetu wengi hawajawahi kukisikia. Mtoto anayesoma saketi huko Fargo anasoma saketi zile zile, na kampuni za umeme za huku kwetu zinawaajiri wahitimu wa huko bila kuuliza kwa nini hawakwenda Boston.

Mpwa wangu mwenyewe hakuliafiki hili upesi. Jioni moja aliifunga tarakilishi akasema, “Shangazi, nikiandika Fargo watu watasema nimejidharau.”

“Watu gani hao, mwanangu?”

“Watu wa shule. Watu wa kanisani.”

“Ndio watakaokulipia?”

Akanyamaza, nami sikumsukuma. Wiki iliyofuata tulikwenda huko kwa gari na baba yake, ambaye alikuwa ametoka zamu asubuhi hiyo. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Tukaingia maabara ya umeme, na mwanafunzi wa mwaka wa nne akamwonyesha mradi wao wa kuhitimu, akamwacha ashike kifaa cha kupimia mawimbi. Walizungumza muda mrefu kuliko sisi tulivyotarajia. Njiani kurudi ni yeye aliyeuliza maswali, wala hakutaja tena watu wa kanisani.

Hili ndilo sharti langu la tatu kwa chuo cha uhakika: mtoto awe anaweza kujiona akiishi pale kwa furaha. Kama hawezi, bado hamjakipata, endeleeni kutafuta. Vyuo vyenye mlango mpana na uhandisi mzuri ni vingi. Kuna South Dakota Mines kule Rapid City, kilichoanza 1885. Kuna Platteville upande wa Wisconsin. Kuna Chuo Kikuu cha Alabama huko Huntsville, karibu na kituo cha NASA cha Marshall, ambako alama za mtihani na GPA humpatia mtoto ufadhili unaojulikana mapema.

Na kuna njia ambayo nadhani jamii yetu inaikosea heshima: miaka miwili ya chuo cha jamii kwanza. Normandale kule Bloomington au North Hennepin hapa Brooklyn Park, mtoto analala kwao, anasoma kalkulasi na fizikia katika madarasa madogo, kisha anahamia chuo kikuu. Chuo cha Minnesota State, Mankato, kina programu iitwayo Iron Range Engineering iliyojengwa kwa ajili ya wanafunzi hasa wa njia hii: miaka ya mwisho wanafanya kazi ya kulipwa kama wanagenzi wa uhandisi huku wakisoma, na programu ina ithibati ya ABET. Tena tangu 1985 jimbo linawaruhusu wanafunzi wa shule ya upili kuchukua masomo ya chuo bila malipo. Mpwa wangu alimaliza kalkulasi ya kwanza kwa njia hiyo, na hakuna kitu kwenye maombi yake kinachosema kwa sauti kubwa zaidi kwamba ataweza uhandisi.

Vyuo vya saizi yake vilituchukua muda kwa sababu nyingine. Takwimu zinazotangazwa ni za chuo kizima, na waliokubaliwa uhandisi huwa juu ya wastani huo, hasa kwenye hesabu. Vyuo vingi hutoa kila mwaka waraka uitwao Common Data Set. Fungua sehemu ya C. Kipengele cha C7 kinaonyesha chuo kinapa uzito gani masomo, insha, mtihani, hata kama kinajali mwombaji ameonyesha nia ya kuja. C9 kinaonyesha alama za mtihani za walioingia. Kanuni yangu ni hii: kama alama ya hesabu ya mtoto haifiki robo ya juu ya chuo kizima, chuo hicho si cha saizi yake kwa uhandisi, ni cha ndoto, hata kama majirani wanakiona cha kawaida. Kwa kanuni hiyo Purdue, ambayo mpwa wangu alikuwa ameiweka katikati, ilipanda juu. Minneapolis ilibaki mpakani. Iowa State, Michigan Tech na Cincinnati zikakaa katikati bila ubishi.

Cincinnati ninaipenda kwa sababu moja. Mwaka 1906, mwalimu wa uhandisi aitwaye Herman Schneider alianzisha pale utaratibu wa mwanafunzi kupishana darasani na kazini, muhula huku muhula kule, na hadi leo mhandisi wa Cincinnati hahitimu bila kupita kazini. Kwa mtoto asiye na mjomba kwenye kampuni ya uhandisi, na wetu wengi hawana, chuo kinachomfungulia mlango wa kazi kabla ya kuhitimu kina thamani kuliko nafasi tano za juu kwenye jedwali la magazeti. Ila Ohio haimo kwenye yale makubaliano ya majirani, kwa hiyo itategemea ufadhili. Tumeiandika hivyo hivyo daftarini: saizi yake kwa alama, haijulikani kwa pesa.

Neno moja kuhusu maombi ya mapema yanayomfunga mtoto. Ukisaini umeahidi kwenda ukikubaliwa, kabla ya kulinganisha bei. Familia inayotegemea misaada isisaini mpaka kikokotoo kiwe kimetoa jibu mnaloliweza. Maombi ya mapema yasiyofunga ni habari nyingine, hayo yatumieni. Purdue tarehe yake ni Novemba 1.

Sisi tumeanzia Fargo na Duluth, kwa kuwa hujibu mapema na mtoto huandika insha nyingine akiwa na nguvu. Barua zikija, mpwa wangu ana maagizo: tafuta mstari unaotaja programu kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, kisha upige picha ukurasa wa misaada, utenganishe ufadhili na mikopo, maana vyuo huvichanganya kwenye jumla moja, na uandike ufadhili unadumu miaka mingapi na unadai GPA gani. Shahada ya uhandisi mara nyingi huvuka miaka minne, hasa penye muhula wa kazi, na ufadhili wa miaka minne hauongezeki wenyewe. Amana hailipwi mpaka karatasi zote ziwe mezani. Vyuo vingi vinatoa muda wa kuamua hadi Mei 1, nasi tutautumia muda huo wote.